Ile "m" ya mlango

Duka langu liko Langoni, hapa Lamu: chumba kimoja, kompyuta mbili, printa moja, na feni ambayo ikizimika mteja huondoka kabla barua yake haijesha. Kazi yangu ni kuwapigia watu taipu. Barua za kuomba kazi, hati za mauziano ya shamba, kadi za harusi, mara nyingine shairi la mtu anayetaka lipendeze machoni kabla ya kumpelekea anayempelekea. Vidole vyangu vina kasi, na mimi mwenyewe nalijua hilo kupita kiasi. Ndiyo maana ami yangu aliponiita barazani kwake baada ya Isha, akaniambia anataka nyimbo zake tatu ziandikwe kwa noti, nilimjibu palepale kwamba kesho kutwa zitakuwa tayari.

Zilinichukua wiki tatu.

Ami hupiga udi. Kama wapiga udi wengi wa rika lake hapa Lamu, amekua na sauti ya Zein l'Abdin masikioni, mzaliwa wa papa hapa, na hajawahi hata siku moja kusoma wimbo kwenye karatasi. "Nyimbo hukaa kitwani," husema, na hugonga kichwa chake kwa kidole kana kwamba anabisha hodi. Kilichomlazimisha ni harusi ya binti yake wa mwisho. Mzee waliyekuwa wakipiga naye fidla miaka yote mkono umeanza kumtetemeka, na wakapata kijana wa Mombasa aliyesomea Unguja, kwenye kile Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi kilichofunguliwa Mji Mkongwe mwaka 2002. Kijana akakubali kuja, ila angekuwa na alasiri moja tu ya mazoezi: basi hadi Mokowe, boti, chakula, kisha kazi. Akasema atumiwe karatasi mapema.

Mimi nilisoma muziki sekondari hadi kidato cha pili. Mistari mitano nilikuwa naijua kwa sura, kama unavyomjua mtu wa mtaa wa pili ambaye hamjawahi kusalimiana. Nikapakua MuseScore, programu ya kuandikia noti, kwa kuwa ni ya bure, nikafungua ukurasa mtupu, nikaanza kuzipanda noti kwa kipanya, moja moja, kama mtu anayetia shanga uzi gizani. Ukikosea kidogo tu noti inakaa mstari wa juu au wa chini. Saa mbili nikawa na baa nne, vile vipande vinavyotengwa kwa mistari wima. Mteja mmoja aliyekuja kutoa fotokopi ya kitambulisho alichungulia skrini akaniuliza kama ule ni mchezo.

Siku ya pili nikasoma maelekezo, jambo ambalo ningelifanya siku ya kwanza kama si kiburi cha vidole. Kumbe noti nazo huandikwa kwa kibodi. Unabonyeza N kuingia katika hali ya kuandika, unachagua urefu kwa namba, kisha unapiga herufi. 5 ni krocheti, 4 ni kweva, yaani nusu ya krocheti, 6 ni minimu, yaani krocheti mbili. 0 ni kimya. Nukta huongeza nusu ya urefu. Herufi ni A hadi G, ambapo C ni Do, D ni Re, na kuendelea. Nikafurahi sana. Taipu! Hii ni kazi yangu!

Lakini herufi ya barua haina urefu. Ukiandika "Ndugu Mheshimiwa" hakuna anayekuuliza ile "u" ya mwisho inadumu kiasi gani. Noti ni lazima uamue urefu kabla ya kuipiga, na hapo ndipo kasi yangu ilipogeuka mzigo. Nilikuwa napiga herufi kwanza halafu nakumbuka kwamba bado niko kwenye 5, na mstari mzima unatoka umenyooka, krocheti tupu, kama wanafunzi kwenye foleni. Nikajilazimisha kutamka kimoyomoyo: nne, herufi, tano, herufi. Polepole. Mke wangu alinisikia nikihesabu usingizini.

Kuna jingine lililonisumbua mpaka nikalielewa. Ukipiga herufi, programu huchagua oktava, yaani noti ya jina lilelile ya juu au ya chini, iliyo karibu zaidi na noti iliyotangulia. Ami ana tabia ya kuruka kutoka Sol hadi Re ya juu, na ndiyo raha ya wimbo wake wa pili. Nikipiga D baada ya G, programu inaniletea Re ya chini, kwa sababu hiyo ndiyo jirani zaidi: noti nne kushuka, tano kupanda, ukiihesabu na Sol yenyewe. Kila mara wimbo unataka kuruka, unazama. Dawa yake ni Ctrl na mshale wa juu, papo hapo, kabla ya kupiga noti inayofuata. Ukichelewa, noti zote zinazofuata zinaifuata ile iliyozama, na unajikuta na beti nzima chini ya mistari, penye vijistari vidogo vya ziada ambavyo hata macho mazima huchoka kuvihesabu.

Majina nayo yalitupiga chenga. Shuleni tulifundishwa kwamba do huhama. Popote ulipo msingi wa wimbo pakaitwa do. Kwa wapiga udi do haihami. Na ami mwenyewe hasemi do wala re. Yeye husema rasti, dukah, sikah, jaharka, nawa, majina yaliyokuja na Waarabu na Waajemi. Kwa hiyo nikimwuliza "Hapa ni Re?" ananitazama. Nikimwuliza "Hapa ni D?" ananitazama zaidi. Mwishowe nikachora jedwali dogo nyuma ya daftari la risiti, safu tatu, nikalibandika ukutani juu ya printa. Liko mpaka leo.

Nilimrekodi kwa simu, wimbo wa kwanza, ambao mwendo wake ni wa chakacha. Nikahesabu kweva sita katika kila mzunguko, nikaandika 3/4, yaani krocheti tatu kwa baa, nikapiga noti, nikazisikiliza zikilia kwenye spika za kompyuta. Sawasawa kabisa! Nikambebea ami kompyuta hadi nyumbani, nikabonyeza, tukasikiliza. Alifumba macho, akawa anagonga meza. Mimi nilikuwa nahesabu moja, mbili, tatu. Yeye mkono wake ulikuwa unashuka mara mbili tu.

"Unahesabu nini?" akaniuliza.

"Tatu, ami."

"Tatu za wapi? Chakacha hutembea kwa maguu mawili, mwanangu. Mtu gani ana maguu matatu?"

Basi ikawa ni 6/8: kweva zilezile sita, lakini tatu na tatu, siyo mbili na mbili na mbili. Nikaburuta alama mpya nikaiweka juu ya ile ya zamani, na kwa kuwa vipimo vyote viwili vina kweva sita, hakuna noti hata moja iliyohama. Sauti iliyotoka ilikuwa ileile. Jambo hili lilinikosesha raha kidogo. Kama sauti ni ileile kwa makosa na kwa usahihi, nilikuwa nasikiliza nini muda wote ule?

Jibu nililipata siku iliyofuata nilipoongeza mstari wa pili wa matari. Ami alitaka kijana wa fidla aone dumu, lile pigo zito la ngoma, inapoangukia. Nikaandika dumu mwanzo wa baa na nusu yake, nikabonyeza. Ikawa ni fujo. Sauti ya udi ilikuwa nzuri peke yake, matari yalikuwa mazuri peke yake, na pamoja vilikuwa kama watu wawili wanaobeba jeneza mmoja akiwa mrefu. Ami akainua kidole: "Dumu yako imekuya mapema. Ndoo hapa. Sikiza."

Akaimba mstari wa kwanza. Maneno ni ya mke wake, shairi la mizani kumi na sita kama yalivyo mashairi yetu, nane na nane:

Wa moyoni nimekuja, nifungulie mlango

Akaimba tena, akigonga meza. Meza haikulia kwenye "Wa". Ililia kwenye "mo". Ile "Wa" inaingia kabla, kama mtu anayevuta pumzi mlangoni kisha ndiyo akanyaga ndani. Mimi nilikuwa nimeiweka "Wa" mwanzo wa baa ya kwanza, kwa sababu ndiyo noti ya kwanza, na noti ya kwanza ikae wapi kama si mwanzo? Kwa hiyo wimbo mzima, baa arobaini na kitu, ulikuwa umesogea kwa kweva moja. Spika haikuniambia kitu kwa sababu kitu kikisogea chote kwa pamoja hakuna wa kuona, ni kama jahazi zima likipeperuka pamoja na abiria wake. Mpaka uweke kitu kingine kando yake kilichotia nanga.

Kuna njia ya kulitengeneza hili mwanzoni kabisa: unapofungua ukurasa mpya, programu inakuuliza kama unataka baa fupi ya kuingilia, na unaiambia ni ya kweva moja. Nilikuwa nimelipita swali hilo mbio kama ninavyopita masharti ya programu zote. Unaweza pia kuibadilisha baadaye: unafungua sifa za baa ya kwanza na kuandika kwamba urefu wake halisi ni 1/8 ijapokuwa kipimo ni 6/8. Lakini hilo haliwavuti waliokwisha kukaa mahali pasipo pao. Nilijaribu kukata na kubandika. Noti ndefu zikakatika kwenye mistari ya baa na kuunganishwa kwa kamba, vimya vikazaliwa pasipohitajika, nikafuta moja ikafutika tatu. Usiku wa nne nikaacha. Nikafungua ukurasa mpya, nikajibu lile swali la mwanzo kwa adabu, nikaandika wimbo upya. Kile kilichonichukua siku nne nilikimaliza kwa dakika ishirini hivi, kwa sababu safari hii nilikuwa naujua wimbo. Nyimbo mbili zilizobaki sikuzirekebisha hata kidogo. Nilizifuta nikaanza tena, na sikujuta.

Sasa maneno. Hapa nilidhani nimefika pwani. Unachagua noti, unabonyeza Ctrl na L, unaandika silabi. Kistari kinakupeleka kwenye noti inayofuata ndani ya neno lilelile, nafasi inakupeleka kwenye neno jipya. Kiswahili ni lugha ya kupendeza kwa kazi hii, silabi zetu huishia kwa vokali na mtu hahitaji kamusi kujua pa kukata. Wa mo-yo-ni ni-me-ku-ja. Vidole vyangu vikapata kasi yao ya kawaida. Ni-fu-ngu-li-e m-la-ngo. Nikaendelea na mstari wa pili, wa tatu, mpaka mwisho wa beti, na nilipotazama juu nikaona silabi ya mwisho imekosa noti, inaning'inia hewani.

Nikarudi nyuma kuitafuta ilipoanzia hitilafu. Ilianzia kwenye "mlango". Noti iliyokuwa ya "la" imekaliwa na "m". Ya "ngo" imekaliwa na "la". Na "ngo" imekwenda kukaa kwenye noti ya kwanza ya mstari wa pili, na kuanzia hapo kila mtu amemsukuma mwenzake. Fikra yangu ya kwanza ilikuwa kuiunganisha: mla-ngo. Ingetosha. Silabi mbili, noti mbili, hesabu imekaa sawa.

Mke wa ami alikuwa amekaa na kikapu cha ukindu akisuka, nilidhani hasikilizi. Akasema bila kuinua kichwa:

"Na hiyo m umeitupa wapi?"

"Ipo, mama. Iko ndani ya mla."

"Haiko ndani ya mla. Hesabu."

Nikahesabu kwa vidole: ni, fu, ngu, li, e, m, la, ngo. Nane. Ukiimeza m zinabaki saba, na shairi lina guu moja fupi. Yeye hakusomea noti popote, lakini mizani anazo tumboni. Akauweka ukili chini, akaimba kile kipande peke yake, na mara hii nikasikia kile ambacho simu ilikuwa imekirekodi mara kumi na mimi nikawa sikisikii: baada ya "li-e" midomo inafungwa, na sauti inabaki ndani, mmm, kwa urefu wa kweva moja kamili, sauti ileile ya noti iliyotangulia, kisha mlango unafunguka kwa "la". Kwa sababu ilikuwa sauti ileile, na kwa sababu mdomo umefungwa, sikio langu liliihesabu kama mkia wa "e". Niliandika krocheti moja mahali pa kweva mbili. Urefu ulitimia, baa ilijaa, programu haikulalamika. Na utamu wote wa mstari uko pale.

Kulirekebisha kulikuwa rahisi: unaichagua ile krocheti, unabonyeza 4, inakuwa kweva na kimya nyuma yake, unakwenda kwenye kimya, unaandika noti ileile. Baada ya hapo sikumaliza mstari wowote bila kuhesabu silabi kumi na sita chini ya noti. Silabi nasema, siyo noti, kwa sababu ami anaweza kuibeba "ja" moja juu ya noti tano, na hizo unazivutia mstari wa chini, _, mpaka zishe. Kwa kipimo hiki nilikamata makosa mengine matano katika nyimbo mbili zilizobaki, matatu kati yake yakiwa m na n zinazojitegemea. "Nti", kwa sisi wa hapa tusiosema nchi, ni silabi mbili, n na ti. "Ndizi" pia ni mbili, lakini kwa kukata kwingine, ndi na zi. Programu haiwezi kukuambia tofauti hiyo. Kistari ni chako.

Kabla sijafika kwenye wimbo wa tatu niseme jambo la kinanda, kwa kifupi kwa sababu halistahili zaidi. Rafiki mmoja aliniazima kinanda chake cha umeme, nikakiunganisha kwa waya wa USB, nikafikiri nitapiga wimbo nao ujiandike wenyewe. Ulijiandika. Kila nilipochelewa kwa lepe la jicho, programu iliandika kimya kidogo na noti yenye mikia mitatu. Ukurasa ulionekana kama njia ya mchwa. Nikakirudisha kesho yake. Kwa anayepiga vizuri kwa kufuata metronomu huenda kinafaa. Mimi si huyo.

Wimbo wa tatu ni bayati, mojawapo ya makamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu. Anayejua taarabu ameshajua ninakokwenda. Bayati inaanzia Re, na noti yake ya pili haiko kwenye kinanda: iko kati ya Mi na Mi flati, yaani Mi iliyoshushwa nusu toni. Nikiandika Mi ya kawaida, wimbo unakuwa nahawandi, makamu nyingine, mzuri lakini si wenyewe. Nikibonyeza mshale wa chini, inakuwa Mi flati, nayo ni kurdi, na ami anakunja uso kama aliyeuma pilipili. Mwaka 1932 wataalamu walikusanyika Cairo kwenye kongamano la muziki wa Kiarabu na moja ya mambo waliyobishania ni hilihili, oktava igawanywe robo ishirini na nne zilizo sawa au isigawanywe hivyo. Mimi nilikuwa na ami peke yangu na tulibishana vya kutosha.

Alama ipo: flati iliyokatwa mstari, inayosomwa kama nusu ya flati. Nikaitafuta kwenye makabati ya alama, nikaiweka, nikabonyeza nisikilize. Ikalia Mi ya kawaida. Nikaiweka tena. Mi ya kawaida. Kosa lilikuwa langu: katika toleo nililokuwa nalo alama ile ni ya macho tu, sauti unairekebisha mahali pengine, kwenye sifa za noti, kwa senti. Nusu toni ni senti 100, kwa hiyo robo ni 50. Nikaandika kutoa 50 kwenye kila Mi. Ami akasikiliza.

"Imekaribia. Shusha."

Kutoa 55. "Shusha." Kutoa 60. Akachukua udi wake, akaibonyeza, akasikiliza kompyuta, akasogeza kidole unywele mmoja. "Hapo. Lakini ukishuka kwenda dukah, hapo ishuke tena." Maana yake ni kwamba noti ileile haikai mahali pamoja: ukipanda iko hapa, ukishuka iko pale, na katika makamu ya rasti huwa juu zaidi kuliko katika bayati. Nikakaa usiku mbili nikiandika senti. Noti kwa noti.

Nikatuma karatasi kwa WhatsApp. Kijana wa fidla akanijibu kwa sauti, nyuma yake kelele za matatu. Alishukuru kwanza, kwa adabu za watu wa Unguja ingawa ni wa Mombasa. Kisha akaniuliza, "Kaka, hizi alama za robo mbona umezijaza kila mahali, karatasi imeingia kunguni? Weka moja mwanzo wa mstari, pamoja na Si flati, basi." Zile senti hakuziona hata moja. Haziwezi kuonekana kwenye karatasi. Yeye akiona bayati kidole chake kinajua pa kwenda, kama cha ami. Usiku mbili zile nilikuwa naifundisha kompyuta kuimba, na hakuna aliyekuwa amealika kompyuta harusini.

Akaongeza jambo la pili, ambalo nilikasirika nalo siku nzima. Alisema nimeandika mno. Nilikuwa nimeandika kila risha ya ami, kila kijinoti cha kupambia, kila mtetemo, kama nilivyousikia kwenye simu. "Mzee akija kupiga siku hiyo atapamba kivingine, na mimi nitakuwa nimebaki na mapambo ya mwezi uliopita. Niandikie mifupa. Nyama tutaiweka pale pale." Nikamwendea ami nikamwomba apige wimbo wa kwanza mara tatu. Nikaweka alama kwenye noti ambazo mara zote tatu zilikuwapo. Nyingine zote nikafuta. Karatasi tatu zikawa moja na nusu, na ilikuwa nzuri kutazama, nyeupe, yenye nafasi ya kupumua.

Alitaka pia faili lenyewe, kwa kuwa yeye hutumia programu nyingine, nikalihifadhi kwa muundo wa MusicXML ambao programu za noti hufunguliana. Nalisema hili kwa mwenye kazi kubwa kuliko yangu: mwaka 2024 waliotengeneza Finale, iliyokuwapo tangu 1988, walitangaza hawataiendeleza tena, na watu walikuwa na kazi za miaka thelathini ndani yake. Mimi nina nyimbo tatu, na nimezihifadhi kwa njia tatu, pamoja na karatasi.

Alifika siku ya Alhamisi, boti ya adhuhuri, kisanduku cha fidla kifuani kama mtoto. Mazoezi yalikuwa kwenye kiwanja cha ndani cha nyumba ya ami. Ilikuwa Februari, kaskazi bado inavuma, na karatasi zangu ziliruka mara mbili mpaka mke wa ami akaleta vibanio vya nguo. Kijana akazitazama, akatia uta, akapiga mstari wa kwanza kutoka karatasini, peke yake, wimbo ambao hakuwahi kuusikia maishani mwake. "Wa" ikaingia kabla ya pigo la dumu. Alipofika kwenye mlango akaipunguza sauti, uta ukatembea polepole juu ya kweva moja, kisha akaifungua "la". Ami aliacha kugonga.

"Nani kakwambia uifunge hapo?" akamwuliza.

Kijana akaonyesha karatasi kwa ncha ya uta. Chini ya noti ilikuwapo herufi moja, m, na kistari.

Mke wa ami alisogea akaitazama, akaigusa kwa kidole, hakusema kitu, akarudi kwenye chai.

Kwenye wimbo wa pili kijana alisimama mara mbili. Mara ya kwanza kwenye ile Re ya juu: sehemu moja niliisahau chini, katika marudio ya mwisho. Mara ya pili ni kimya cha kweva ambacho ami hapumziki hapo na hajawahi kupumzika hapo. Sijui nilikitoa wapi. Alichomoa penseli nyuma ya sikio, akaipandisha Re kwa mshale, akakikata kimya kwa mstari mmoja, wakaendelea. Ilichukua muda mfupi kuliko kunywa funda la chai.

Harusi ilipita. Karatasi zake aliniachia, zikiwa na alama za vibanio pembeni na doa la biriani kwenye wimbo wa tatu. Zimo kwenye droo dukani, chini ya kadi za sampuli. Faili bado lina yale makosa mawili; kila nikilifungua kuna mteja mlangoni. Juzi ami alipotaka nakala ya kumpa jamaa wa Shela, sikuchapisha kutoka kwenye kompyuta. Nilitoa fotokopi ya ile yenye penseli.